Majina Themanini Ndani ya Paneli Moja

Umeme ulikatika baada ya saa saba usiku, ukarudi, ukakatika tena, kisha ukarudi kwa nguvu. Aliyewahi kufanya kazi zamu ya usiku kiwandani anaijua sauti ya umeme unaporudi. Kontakta, zile swichi kubwa za umeme, zinagonga kwa pamoja, feni za paneli zinaanza kuvuma, na maopareta wanatazamana wakisubiri kujua ni mashine ya nani itakayogoma.

Usiku ule iligoma yetu. Ni laini ya maji ya chupa: mashine ya kusuuza, ya kujaza, ya kufunga vizibo, kisha mkanda mrefu unaopeleka chupa kwenye lebo. Skrini ilijaa malalamiko kwa mpigo: mlango uko wazi, hewa haitoshi, chupa hazipo, kitufe cha dharura kimebonyezwa. Milango yote ilikuwa imefungwa, geji ya hewa ilisoma vizuri, na chupa zilikuwa zimepanga mstari mbele ya macho yetu. Mashine inapolalamikia kila kitu kwa pamoja, mara nyingi kilichoharibika ni kitu kimoja.

Nilifungua paneli, yaani kabati la umeme la mashine. Ndani kuna PLC, kompyuta ya kuendeshea mashine, ya Siemens, S7-300, toleo lililotoka katikati ya miaka ya 1990 na ambalo bado limejaa viwandani kwetu. Vifaa vyake vimening'inia kwenye reli moja kama vitabu kwenye rafu. Kushoto kabisa kuna kifaa cha kutoa volti 24, kinafuatiwa na CPU ambayo ndiyo ubongo, halafu kadi nane, na hicho ndicho kiwango cha juu kwa reli moja. Kwetu tano ni za kupokea ishara kutoka kwenye sensa na vitufe, tatu ni za kutoa amri kwenda kwenye valvu na kontakta. Kila kadi ya kupokea ina taa ndogo 16 za kijani. Kwenye kadi nne taa zilikuwa zikiwaka na kuzima kama kawaida, ila kadi ya tatu ilikuwa giza tupu.

Mzee aliyenifundisha kazi hii alistaafu zamani, lakini usiku ule ni kama alikuwa amesimama nyuma yangu. Alikuwa akiniambia, "Kijana, kabla hujamshuku mtu, mwulize hasi kwanza." Sensa zote 16 za kadi ile zinategemea waya mmoja wa hasi, skrubu namba 20. Ukilegea huo, kadi nzima inazima na utaapa kwamba imeungua. Niliushika, ukawa umekaza. Nikaweka mita kati ya skrubu namba 2 na namba 20: volti 24 kamili. Ishara ilikuwa inafika mlangoni, ila hakuna aliyekuwa ndani kuipokea. Kadi ilikuwa imekufa.

Nieleze kilichofuata polepole kidogo, kwa sababu hapa ndipo uzuri wa mfumo huu unapoonekana. Nilisimamisha CPU, nikazima umeme wa paneli. Uso wa kadi una plagi ndefu yenye nyaya zote. Unabonyeza kitufe kidogo cha juu, plagi inatoka na nyaya zake zote kama zilivyo, huna haja ya kulegeza hata skrubu moja kati ya zile 20. Unafungua skrubu ya chini inayoishika kadi kwenye reli, unainua, kadi inabaki mkononi. Nyuma yake kuna kipande kidogo chenye umbo la herufi U kinachoiunganisha na jirani zake. Unakihamishia kwenye kadi mpya. Unaipachika, unakaza, unarudisha plagi mpaka ilie "tak". Hata plagi yenyewe ina kipande cha plastiki cha utambulisho ambacho hukataa kuingia kwenye kadi ya aina nyingine, ili fundi mwenye usingizi asichomeke nyaya za sensa kwenye kadi ya valvu.

Kabla ya saa tisa maji yalikuwa yanatiririka tena. Kadi mpya ilikuwa stoo, kwenye boksi lake. Hakuna waya hata mmoja uliohamishwa.

Mzee aliyenifundisha alianzia kazi kwenye makabati ya rilei, swichi ndogo zinazowashwa na kuzimwa kwa umeme. Niliwahi kuliona moja kabla halijang'olewa, refu kuliko mtu, ndani limejaa rilei safu kwa safu na nyaya nene kama mkono wa mtoto zimefungwa kwa uzi. Mantiki ya mashine ilikuwa nyaya zenyewe. Kama meneja anataka pampu isubiri sekunde 5 zaidi, au mkanda usiwake mpaka mlango ufungwe, fundi anaingia na bisibisi na mchoro, anakata hapa, anaunga pale. Kosa moja linaweza kutafutwa siku mbili.

Tatizo hilo hilo ndilo lililozaa PLC, tena kwenye viwanda vikubwa kuliko vyetu. Mwaka 1968 kitengo cha Hydra-Matic cha General Motors, kilichokuwa kikitengeneza gia za otomatiki kule Marekani, kilitafuta kifaa cha kuchukua nafasi ya rilei. Kila modeli ya gari ilipobadilika, makabati yalilazimika kuungwa upya au kutupwa. Waliomba kitu ambacho fundi wa kiwandani ataweza kukibadilishia mpango hapo hapo kiwandani, kinachotengenezeka kwa kuchomoa kipande na kuchomeka kingine, na kinachovumilia mazingira ya kiwanda. Tarehe 1 Januari ya mwaka huo huo, Dick Morley, mhandisi wa kampuni ndogo iitwayo Bedford Associates huko Massachusetts, alikuwa ameandika waraka wa wazo kama hilo. Kifaa kilichotokana na wazo lake kilipewa namba 084, kwa kuwa kilikuwa mradi wa 84 wa kampuni, na jina Modicon, kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kidhibiti cha kidijitali cha vipande vipande. Vipande vimo ndani ya jina lake tangu siku ya kwanza.

Lakini ninachokienzi zaidi katika kazi ya watu wale si vile vipande. Ni lugha waliyoichagua. Kompyuta zilikuwapo tayari, na zilikuwa na lugha zake, za wasomi wa kompyuta. Wao waliuchukua mchoro wa rilei ambao fundi umeme alikuwa anausoma kila siku, wakaufanya ndio lugha ya kupangia kifaa. Tunauita mchoro wa ngazi: nguzo mbili pembeni, vidato katikati, na kila kidato kinasema kama hiki kimewaka na kile hakijawaka, basi mota iende. Fundi wa 1969 hakuhitaji kurudi shule ili ausome. Hata kiwango cha kimataifa cha lugha za PLC, IEC 61131-3, kilipotolewa kwanza mwaka 1993 kikiwa na lugha tano, ngazi ilibaki humo, na ndiyo ninayoifungua mimi saa nane usiku.

Ndiyo maana nasema kifaa hiki kilitengenezwa kwa heshima ya fundi. Na ndiyo maana inaniuma ninapokuta paneli ambayo kadi zake zinachomoka kwa dakika kumi, lakini hakuna mtu hata mmoja kiwandani anayejua programu yake inasema nini.

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi, kiwanda kingine, si hiki, kulikuwa na mashine ya kujaza mifuko iliyoendeshwa na PLC ya kizazi cha zamani, S5. Programu yake ilikuwa imehifadhiwa kwenye kumbukumbu inayotegemea betri umeme ukizima, na hakukuwa na kadi ya kumbukumbu iliyochomekwa kama akiba. Betri ilikuwa imeisha zamani. Kila mtu alikuwa ameiona taa ya onyo, na kila mtu alikuwa ameizoea. Ikaja sikukuu, kiwanda kikafungwa, mtu mwangalifu akazima umeme wa mashine kabla ya kwenda nyumbani. Tuliporudi, vifaa vyote vilikuwa vizima na CPU ilikuwa tupu. Betri ya aina ile hubadilishwa umeme ukiwa umewaka. Jambo hilo nililijua siku ile, likiwa limechelewa. Nakala ya programu haikuwapo. Aliyeiuza mashine alisema alinunua kwa mwingine. Kadi mpya tungeweza kununua hata kumi, na zisingetusaidia chochote. Mashine ile ilikaa imefunikwa turubai mpaka nilipoondoka.

Sikuweza kuisahau ile turubai. Kwa hiyo nilipoajiriwa hapa, kitu cha kwanza nilichouliza ni nakala ya programu ya laini ya maji. Mashine ilinunuliwa ikiwa imetumika Ulaya. Nakala haikuwapo. Lilikuwapo jalada la michoro kwa Kijerumani, limeliwa na unyevu, kurasa zilizosomeka ni za kadi mbili tu kati ya tano za kupokea.

Programu yenyewe niliweza kuinyonya kutoka kwenye CPU kwa kompyuta, kwa bahati nzuri haikuwa imefungwa kwa neno la siri. Lakini ambaye hajafanya kazi na S7-300 hajui uchungu uliopo hapo. Majina ya sensa na maelezo ya mwandishi hayakai ndani ya CPU. Yanabaki kwenye faili la mradi, kwenye kompyuta ya aliyeandika. Ukinyonya programu bila faili hilo, unapata mifupa, namba za ishara bila majina: 4.5 na 8.2 zikiwaka na 12.7 isipowaka, basi 20.1 iwake. Ni kama kupewa barua ambayo majina yote ya watu na miji yamefutwa. Sentensi zipo, hujui zinamhusu nani. (Kizazi kipya, S7-1500, kinaweza kubeba majina na maelezo ndani ya kifaa chenyewe. Ni hatua kubwa kuliko inavyosifiwa.)

Tuliamua kuyarudisha majina. Kadi tano mara 16, majina 80. Tulifanya Jumapili, laini ikiwa imesimama, mimi kwenye paneli na mwenzangu akitembea na laini, simu masikioni.

"Ziba."

"Nimeziba."

"Kadi ya pili, taa ya sita. Achia."

"Nimeachia."

"Imezima. Uko wapi hapo?"

"Jicho la mlangoni mwa mashine ya kujaza, upande wa ukuta."

Taa ya sita ya kadi ya pili ni 4.5, kwa sababu kadi ya pili inaanzia namba 4 na taa zinahesabiwa kuanzia sifuri. Naandika kwenye daftari, tunasonga mbele. Mbali na macho hayo ya mwanga, kuna sensa zinazosikia chuma, hizo mwenzangu alizisogezea bisibisi. Kuna swichi za milango, hizo alifungua na kufunga. Jumapili ya kwanza tulimaliza kadi moja na nusu, mwenzangu akiwa ameloa jasho na mimi mgongo umekufa kwa kuinama.

Kuandika jina si kazi ndogo kama inavyodhaniwa. Programu ya kompyuta tunayoandikia inaruhusu jina lenye herufi zisizozidi 24, na Kiswahili kinapenda kujinyoosha. "Kitufe_cha_kusimamisha" kinaingia, kina herufi 22. Ukitaka kuongeza "_mota" umeshapita. Mwanzoni nilikuwa naandika jina la kifaa tu: Mlango_1, Hewa, Dharura. Tulipofika kwenye vitufe vya dharura nikaona nimekosea.

Kitufe cha kusimamisha mashine huungwa kinyume na matarajio ya asiye fundi. Kikiwa kimetulia, umeme unapita na taa kwenye kadi inawaka. Kikibonyezwa, umeme unakatika na taa inazima. Sababu ni ya uhai: panya akitafuna waya, au skrubu ikilegea, mashine inaona sawa na kitufe kubonyezwa, inasimama. Kingeungwa kwa namna nyingine, waya ungekatika kimya kimya na siku mkono wa mtu umenaswa ungebonyeza kitufe kisichofanya kazi. Ndiyo maana kadi ilipokufa ule usiku mashine ilidhani kila hatari imetokea kwa pamoja. Ilikosa habari, ikachagua kusimama. Ilifanya sawasawa.

Sasa ukiita ishara hiyo "Dharura", fundi atakayeiona inawaka atafikiri kuna dharura, kumbe ni amani. Hapo ndipo lugha yetu iliponisaidia kuliko nilivyotegemea. Kiambishi -me- kinaeleza hali iliyopo, bila maneno ya ziada. Tukaweka sheria: jina liseme kitu kilicho kweli taa inapowaka. Mlango_1_umefungwa. Hewa_inatosha. Chupa_imefika_kujazwa. Na kitufe kile kikawa Dharura_haijabonyezwa, herufi 21. Fundi anaangalia taa, anasoma jina, hakuna cha kugeuza kichwani.

Kwenye kurasa chache za Kijerumani tulizobakiwa nazo kulikuwa na neno Not-Aus. Kijana wa mafunzo aliwahi kulisoma kama Kiingereza, akaamini linasema "si kuzima". Not kwa Kijerumani ni dharura. Ndicho kitufe chenyewe chekundu. Hakuwa mzembe, alisoma kwa lugha aliyofundishiwa. Lakini kitufe cha kuokoa maisha hakipaswi kutegemea mtu kubahatisha lugha.

Neno jingine lilinifurahisha. Kulikuwa na sensa iitwayo Flaschenstau, iliyo juu ya mkanda kabla ya mashine ya lebo. Flaschen ni chupa, na Stau, niliambiwa na mtu aliyeishi Ujerumani, ndilo neno wanalotumia magari yakisongamana barabarani. Nikaandika Foleni_ya_chupa. Kila opareta anayekuja kazini akitokea Gongo la Mboto anaelewa mara moja nini kinatokea pale: mbele pamesimama, nyuma wanaendelea kuja. Tangu tuweke jina hilo kwenye skrini, opareta hanipigii simu tena kuniambia mashine imegoma. Anakwenda kwenye lebo, anaondoa chupa iliyolala, anarudi.

Wapo wahandisi walioniambia majina ya Kiswahili yatamsumbua mtaalamu wa nje akija. Nimelifikiria sana hilo. Mtaalamu wa nje amekuja mara moja katika miaka yangu yote hapa, akakaa siku mbili. Opareta na mafundi wa zamu wapo kila usiku. Isitoshe nimeweka safu ya maelezo ambayo inaruhusu herufi 80, na humo nimeandika Kiingereza kwa ajili ya mgeni. Jina ni la mwenye nyumba.

Tulimaliza kwa Jumapili nne. Faili la mradi lipo kwenye kompyuta ya karakana, kwenye diski iliyo kabatini mwa meneja, na kwenye diski nyingine nje ya kiwanda. Orodha nzima imechapwa kwenye karatasi, imewekwa kwenye mfuko wa nailoni ndani ya mlango wa paneli, pamoja na tarehe ya mabadiliko ya mwisho. Kadi moja ya kila aina ipo stoo. Ile iliyokufa nimeiacha mezani, vijana wa mafunzo wanajifunzia kuchomoa plagi mpaka mikono izoee.

Wiki iliyopita binti mmoja wa mafunzo, wa kwanza wa kike kwenye karakana yetu, alikuwa anapitia ile karatasi mlangoni, anagusa kila taa kwa ncha ya kalamu na kusoma jina lake. Alipofika kadi ya tano, taa ya kumi na mbili, akanyamaza, halafu akauliza, "Fundi, hii mbona mmeandika Haijulikani_bado?"

Nikamweleza. Ni ishara moja kati ya 80 ambayo hatukumpata mwenyewe. Taa yake inawaka muda wote, na programu inaihitaji ili mashine ya kujaza iende, kwa hiyo hatukuthubutu kuikata. Waya wake unatoka kwenye plagi, unaingia kwenye mfereji wa nyaya chini ya sakafu, unapotelea humo katikati ya kebo nyingine. Akauliza kama mfereji una vifuniko. Vipo, vya chuma, vizito, kama thelathini hivi mpaka ukutani.

Amesema Jumapili hii anakuja na viatu vya kazi. Tutaanzia upande wa paneli.